Gharama ya Kuondoa Kuvu Nyumbani: Je, Tunalipia Nini?

Masika yanapokwisha katika mwambao wetu, mwezi wa Mei au Juni, nyumba nyingi hubaki na alama zake. Mtu huvuta kabati ili afagie nyuma yake, akakuta ukuta umeota madoa meusi na ya kijani. Viatu vya ngozi vilivyowekwa chini ya kitanda huwa vimefunikwa na unga mweupe, na vitabu hunuka. Wengine huiita hali hii koga, wengine ukungu. Wanasayansi hulitumia neno kuvu kwa kundi zima la viumbe hawa, na hilo ndilo tutakalolitumia katika makala haya.

Miaka michache iliyopita hali hiyo ilitufika nyumbani kwetu, Dar es Salaam, katika chumba alalacho binti yetu, ambaye ana pumu. Doa lilianza pembeni, karibu na sakafu, likapanda hadi kimo cha kitanda. Mtoto akawa anakohoa usiku, na kichupa chake cha dawa ya kuvuta, ambacho kwa kawaida kilitosha kwa miezi kadhaa, kikawa kinakwisha upesi. Tuliita kampuni moja ya usafi iliyojitangaza kuwa ina utaalamu wa kuondoa kuvu. Watu wake walifanya kazi kwa siku mbili, kisha wakatuachia hati ya malipo ifuatayo:

Kupima hewa ya chumba: Sh. 250,000
Dawa na unyunyizaji: Sh. 420,000
Kukwangua ukuta: Sh. 210,000
Rangi maalumu na upakaji: Sh. 500,000
Jumla: Sh. 1,380,000

Kwa mwalimu anayeanza kazi, fedha hizo ni zaidi ya mshahara wa mwezi mzima. Nililipa bila kuuliza swali hata moja. Naona haya kulisema jambo hili, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha kemia katika chuo kikuu, na kila siku nawakataza wanafunzi wangu kukubali jibu ambalo njia yake haikuonyeshwa. Ukuta ulikuwa mweupe, nasi tukaridhika. Vuli ilipoanza, doa likarudi mahali pale pale na kwa umbo lile lile, na kikohozi cha mtoto kikarudi pamoja nalo.

Ndipo nilipoanza kuuliza maswali ambayo yalinipasa kabla sijatoa fedha. Kuvu ni kiumbe wa namna gani? Kwa nini ilirudi? Na katika hati ile ya malipo, ni kipi kilichostahili kulipiwa na ni kipi kisichostahili? Majibu yake yamo katika masomo ya biolojia, fizikia na kemia yanayofundishwa katika shule zetu za sekondari, na kwa sababu hiyo nimeona yafaa kuyaeleza hapa.

KUVU NI KIUMBE WA NAMNA GANI?

Kuvu si mmea, wala si mnyama. Haina klorofili, kwa hiyo haiwezi kujitengenezea chakula kwa msaada wa jua kama yafanyavyo majani ya mhogo. Hula kwa kutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kitu ilichokalia, kisha hufyonza kile kilichoyeyuka. Mwili wake ni nyuzinyuzi nyembamba sana ziitwazo hifa, zinazojipenyeza ndani ya kile inachokula. Doa tulionalo ukutani ni sehemu ya nje tu, mahali ambapo kuvu imezaa spora zake.

Spora ndizo mbegu za kuvu. Nyingi zina upana wa mikroni 2 hadi 10, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Spora za mikroni 5, zikipangwa mstari mmoja, zitatakiwa 200 ili zifikie urefu wa milimita moja. Kwa wepesi huo huelea hewani kwa muda mrefu, zikapita dirishani, zikatua juu ya kila kitu. Hakuna nyumba isiyokuwa na spora, iwe ya kifahari au ya makuti. Chumba unachosomea makala haya kinazo, na hivi sasa unazivuta puani.

Ili spora iote na kuwa kuvu inahitaji chakula, joto la kadiri, hewa na maji. Chakula kimejaa majumbani mwetu: selulosi iliyomo katika mbao, karatasi, vitabu na nguo za pamba, karatasi iliyobandikwa juu ya mbao za jipsamu za dari, gundi iliyomo katika baadhi ya rangi, na hata vumbi lililoshika ukutani. Ukuta wa saruji tupu hauliwi na kuvu, lakini vumbi na rangi iliyo juu yake huliwa. Ama joto, hali ya hewa ya pwani inaifaa kuvu mwaka mzima. Hewa nayo hatuwezi kuiondoa, maana sisi wenyewe twaihitaji.

Limebaki jambo moja tu lililo katika uwezo wetu, nalo ni maji. Kuvu nyingi za majumbani huweza kuota pale unyevu wa hewa iliyogusana na ukuta unapofikia kiasi cha asilimia 80 na kuendelea hivyo kwa muda. Hazihitaji maji yanayotiririka. Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, kwa kawaida kuvu haipati nafasi ya kuota. Kikiachwa zaidi ya hapo, spora zilizokuwa zimelala huamka.

Msomaji asidhani kwamba kuvu zote ni adui. Mwaka 1928 Alexander Fleming aliona katika maabara yake mjini London kwamba kuvu ya jamii ya Penicillium ilikuwa imeua bakteria waliokuwa karibu nayo, na kutokana na jambo hilo ikapatikana dawa ya penisilini. Kwa upande mwingine, ziko kuvu za jamii ya Aspergillus zinazoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, nazo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 nchini Kenya. Sumu hiyo huingia mwilini kwa njia ya chakula, wala haihusiani na doa la ukutani. Lakini chanzo cha yote mawili ni kimoja, yaani kitu kilichoachwa bila ya kukaushwa vizuri.

MAJI YATOKA WAPI?

Ikiwa maji ndiyo chanzo, basi swali la kwanza mbele ya ukuta wenye kuvu ni hili: maji haya yameingia kwa njia gani? Kwa jumla njia ni nne.

Njia ya kwanza ni mvua. Bati lililotoboka, gata lililoziba, au ufa katika lipu ya nje huyaacha maji yaingie ukutani. Doa la namna hii aghalabu huanzia juu, au huonekana siku chache baada ya mvua kubwa.

Njia ya pili ni ardhi. Tofali la saruji lina vijitundu vingi vidogo, na maji hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa kandili. Kwa sababu hiyo mwashi mwangalifu hutandika mkanda wa nailoni nzito kati ya msingi na ukuta. Nyumba iliyojengwa bila ya mkanda huo, au ambayo udongo wa nje umerundikwa juu kuliko mkanda, hunywa maji ya ardhi. Mambo huwa mabaya zaidi palipotumika mchanga wa baharini. Chumvi iliyomo huanza kufyonza maji kutoka hewani mara unyevu unapozidi asilimia 75, na hewa ya pwani huvuka kiwango hicho mara nyingi. Ukuta wa namna hiyo huweza kuwa na majimaji hata mahali pasipo na mvua wala bomba.

Njia ya tatu ni mabomba ya ndani. Kiungo kinachovuja tone moja moja nyuma ya bafu hakionekani, lakini hulisha kuvu usiku na mchana.

Njia ya nne ni hewa yenyewe, na hapa wanafunzi wa fizikia watulie kidogo tufanye hesabu. Hewa yenye joto la nyuzi 30 za sentigredi huweza kubeba hadi gramu 30.4 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikiwa unyevu wake ni asilimia 80, basi hubeba gramu 24.3. Hewa hiyo ikipozwa hadi nyuzi 22, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 19.4. Tofauti, ambayo ni gramu 4.9, haina budi kuwa maji. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 3, ujazo ni mita 36, na maji yatakayotoka ni gramu 176 hivi, kiasi cha kikombe kidogo cha chai. Kila mlango unapofunguliwa, hewa mpya huingia na hesabu huanza upya.

Kwa hewa tuliyoitaja, umande huanza kutua juu ya kitu chochote chenye joto lililo chini ya nyuzi 26. Hii ndiyo sababu nyumba zenye kiyoyozi nazo hupatwa na kuvu, jambo linalowashangaza wengi. Maji ambayo kiyoyozi kimeyakamua kutoka hewani hupitia katika mpira mwembamba. Mpira ukiziba, maji humwagika ukutani. Tena ukuta uliopozwa upande mmoja huvutia umande upande wa pili, ambako hewa ni ya moto na yenye unyevu. Nyuma ya kabati lililosukumwa hadi ukutani hewa haipiti, na unyevu ukishaingia pale haukauki.

JE, DAWA HAIUI KUVU?

Huua, lakini kuua si kuondoa, na kuondoa si kuzuia. Dawa inayotumika zaidi ni ile ya klorini, ambayo wananchi huiita jiki. Kazi yake kubwa inayoonekana ni kung'arisha: huunguza rangi ya kuvu, na doa likatoweka machoni. Juu ya kigae au kioo hufanya kazi vizuri. Juu ya lipu, mbao au dari ya jipsamu, hifa zilizo ndani aghalabu hazifikiwi, ilhali maji yaliyomo katika dawa hiyo hufyonzwa na kuuongezea ukuta unyevu. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani halishauri klorini kuwa njia ya kawaida ya kusafisha kuvu. Kwa sehemu ngumu, sabuni, maji kidogo na brashi, kisha kukausha kabisa, vyatosha.

Hapana budi kutoa onyo. Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala na amonia. Ikikutana na asidi ya hidrokloriki hutokea hivi:

NaOCl + 2HCl → NaCl + Cl₂ + H₂O

Gesi ya klorini inayotoka ni ile ile iliyotumiwa kuwa silaha katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika bafu lililofungwa yaweza kumwumiza mtu vibaya kwa dakika chache.

Hata kuvu iliyokufa haiachi kuwa na madhara. Spora zilizokufa na vipande vya hifa vikiingia puani huweza kuchochea mzio vilevile kama vilivyo hai. Kwa hiyo kunyunyiza dawa bila kufuta na kutoa uchafu wenyewe ni kazi nusu. Na kupaka rangi juu ya kuvu si kazi hata kidogo, maana rangi hiyo itabambuka.

KAZI YA KITAALAMU NI IPI?

Isidhaniwe kwamba nawakejeli mafundi wa kazi hii. Iko kazi ya kweli ya kuondoa kuvu, nayo ina gharama kwa sababu ina hatua nyingi. Kwanza mtaalamu hutafuta chanzo cha maji na kukiziba. Pili hutenga chumba kwa mapazia ya nailoni ili spora zisisambae nyumbani, naye huvaa glavu, miwani na barakoa madhubuti. Tatu hukata na kutupa vitu laini vilivyopenywa na hifa, kama vile dari ya jipsamu, zulia na godoro, kwa kuwa havisafishiki. Nne husugua vile vigumu na kufyonza vumbi kwa mashine yenye kichujio kinachokamata angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Tano hukausha chumba, mara nyingine kwa siku kadhaa. Sita hurudi kukagua.

Katika Marekani kazi ya namna hiyo katika nyumba moja kwa kawaida hugharimu maelfu ya dola, na bei hupanda kadiri eneo linavyokuwa kubwa na kadiri ukuta unavyohitaji kuvunjwa. Lakini shirika la serikali nililolitaja hapo juu linawaeleza wananchi kwamba eneo lisilofika futi 10 za mraba, yaani kiasi cha mita moja ya mraba, mara nyingi mwenye nyumba aweza kulisafisha mwenyewe. Laeleza pia kwamba pale kuvu inapoonekana kwa macho, kupima hewa kwa kawaida si lazima, na kwamba serikali ya nchi hiyo haijaweka kiwango maalumu cha spora hewani. Basi ile Sh. 250,000 niliyolipa ili niambiwe kwamba chumba kina spora ilikuwa malipo ya kuambiwa nilichokuwa nikikiona.

Yafaa tujifunze pia kutoka jimbo la Texas. Mwaka 2001 mahakama ya huko iliamuru kampuni ya bima imlipe mwenye nyumba iliyoharibiwa na kuvu dola milioni 32 hivi, ingawa rufani ya mwaka 2002 ilizipunguza hadi kiasi cha dola milioni 4. Madai yalifurika, kampuni za bima zikaanza kuiondoa kuvu katika mikataba yao, na watu wengi wakajiita wataalamu. Mwaka 2003 jimbo hilo lilitunga sheria ya kuwapa leseni wafanyao kazi hii. Sheria hiyo ina kipengele kimoja chenye busara kubwa: anayepima nyumba na kusema ni kazi gani ifanyike haruhusiwi kuwa yeye yule atakayelipwa kuifanya kazi hiyo. Sababu yake ni dhahiri. Mtu anayeuza dawa ataona ugonjwa kila aangaliapo.

AFYA: TUSITISHIKE KUPITA KIASI, WALA TUSIPUUZE

Katika miaka ya 1993 na 1994 watoto wachanga kadhaa mjini Cleveland, Marekani, walitoka damu mapafuni, na uchunguzi wa kwanza ukaihusisha hali hiyo na kuvu nyeusi iitwayo Stachybotrys chartarum. Magazeti yakaeneza hofu ya "kuvu yenye sumu". Mwaka 2000 uchunguzi ule uliporudiwa na wataalamu wa serikali, ilionekana kwamba uhusiano huo haukuthibitika. Kwa hiyo weusi wa doa pekee haumwelezi mtu hatari iliyopo. Kuvu nyingi nyeusi za majumbani ni za jamii ya kawaida ya Cladosporium.

Hata hivyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 uliukusanya ushahidi wa nchi nyingi na kueleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu hupatwa zaidi na kikohozi, maradhi ya njia ya hewa na pumu. Walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto, wazee na wenye pumu.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu kaskazini mwa Uingereza, nilipanga chumba ambacho dirisha lake lilikuwa jeusi kila kipusa. Mwenye nyumba aliniambia nifungue dirisha, nami niliishi hivyo kwa kuwa nilikuwa kijana mwenye afya. Sikuwa mbali sana na mji wa Rochdale, ambako baadaye ilitokea habari iliyoitikisa nchi ile. Mwaka 2017 mpangaji mmoja aliarifu kwamba nyumba yake ina kuvu, akaambiwa aipake rangi. Mwezi Desemba 2020 mwanawe, Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka 2, alifariki. Mwezi Novemba 2022 ofisa wa serikali anayechunguza sababu za vifo alitamka kwamba mtoto huyo alikufa kwa maradhi ya njia ya hewa yaliyosababishwa na kuishi muda mrefu katika kuvu. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2023, na kanuni zinazoitwa kwa jina la mtoto huyo zilianza kutumika Oktoba 2025. Mwenye nyumba za kijamii sasa hana budi kushughulikia hatari ya dharura ndani ya saa 24, na kuchunguza unyevu na kuvu yenye hatari kubwa ndani ya siku 10 za kazi.

Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka neno "aipake rangi", kisha nikakumbuka Sh. 500,000 zangu.

FUNDI MWASHI NA UKUTA WETU

Baada ya doa kurudi, nilimwita fundi mwashi mmoja, mzee kutoka Tanga. Hakulitazama doa kwa muda mrefu. Alitoka nje, akauzunguka ukuta, akauliza mvua huja kutoka upande upi. Akapanda ngazi, akatia mkono katika gata, akatoa majani ya mwembe yaliyooza. Kisha akachimba kwa mwiko chini ya ukuta, mahali ambapo mke wangu na mimi tulikuwa tumejaza udongo na kupanda maua.

"Mwalimu," akaniambia, "mkanda wa nailoni huu hapa, umefukiwa shubiri nzima. Kila jioni mnamwagilia maua, na ukuta nao mnaumwagilia."

Nilimwuliza mbona wale waliotangulia hawakuliona jambo hilo. Akacheka. "Mzee wangu, wao uliwaita waje kusafisha ndani. Nje hukuwaonyesha."

Hesabu ya kazi yake ilikuwa hivi:

Kuzibua gata na kubadilisha kipande kilichooza: Sh. 95,000
Kuondoa udongo na kutengeneza mteremko wa maji: Sh. 40,000
Kubandua lipu iliyoharibika na kupiga mpya: Sh. 160,000
Rangi ya chokaa na upakaji: Sh. 120,000
Jumla: Sh. 415,000

Alituamuru tungoje majuma kadhaa kabla ya kupaka rangi, ili ukuta ukauke, jambo ambalo kampuni ya kwanza haikulifanya. Masika mawili yamepita tangu hapo na ukuta ni mkavu. Binti yetu sasa hulala usiku kucha. Mwanasayansi hawezi kudai kwamba mfano wa mtoto mmoja ni ushahidi, nami sidai hivyo. Baba ana ruhusa ya kushukuru.

Wanafunzi wa hisabati waangalie. Tuite gharama ya kusafisha mara moja S, gharama ya kuziba chanzo C, na idadi ya miaka n. Asafishaye kila mwaka bila kuziba chanzo atalipa nS. Kwa miaka 5, kwa bei za nyumbani kwetu, hiyo ni 5 × 1,380,000, yaani Sh. 6,900,000. Azibaye chanzo mara moja na kusafisha mara moja atalipa C + S. Hata kama S ni kubwa, mstari wa kwanza hupanda kila mwaka, na wa pili hulala. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

HEKIMA YA CHOKAA

Fundi alichagua chokaa si kwa sababu ya urahisi wa bei tu. Maji ya chokaa, Ca(OH)₂, yana alkali kali yenye pH ya 12.4 hivi, na kuvu nyingi hazistahimili hali hiyo. Tena chokaa huuacha ukuta upumue, yaani mvuke huweza kutoka. Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, walilifahamu jambo hili kwa uzoefu. Katika nyumba hizo lipu ya saruji iliyopakwa baadaye juu ya ukuta wa chokaa mara nyingi hudhuru, kwa kuwa huyafungia maji ndani.

Lakini chokaa nayo ina kikomo. Polepole huvuta kaboni dioksidi kutoka hewani:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Kalisi kaboneti inayobaki haina alkali ile kali, kwa hiyo kinga yake dhidi ya kuvu hupungua. Desturi ya zamani ya kupaka chokaa upya mara kwa mara, basi, ilikuwa na sababu ya kikemia.

MAJARIBIO MAWILI YA DARASANI

Jaribio la kwanza. Twaa vipande vitatu vya mkate. Kimoja kikaushe juani hadi kiwe kigumu; cha pili na cha tatu vinyunyizie maji kidogo. Kila kimoja kitie katika mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, ufunge kabisa. Cha tatu kiweke katika jokofu, vingine mezani. Andika kila siku unachokiona kwa muda wa juma moja. Mifuko isifunguliwe, mwishoni itupwe ikiwa imefungwa.

Jaribio la pili. Chagua ukuta unaoshukiwa kuwa na unyevu. Ufute ukauke juu juu, kisha bandika kipande cha nailoni chenye upana wa sentimita 30 kila upande, ukizungushia utepe wa gundi pande zote nne. Baada ya siku mbili tazama. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta: tafuta mvua, ardhi au bomba. Yakiwa mbele, upande wa chumba, maji yanatoka hewani: fungua madirisha, sogeza kabati mbali kidogo na ukuta, usianike nguo ndani, tazama kiyoyozi. Jaribio hili gharama yake ni kipande cha nailoni na utepe, nalo lingaliniokolea zaidi ya shilingi milioni moja.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Kwa mwenye nyumba, na hali kadhalika kwa mpangaji anayejadiliana na mwenye nyumba, maswali ni machache. Maji yanatoka wapi, na je, kuyaziba kumo katika bei hii? Vitu gani vitatupwa na vipi vitasafishwa? Ukuta utaachwa ukauke kwa muda gani kabla ya rangi? Nani atakagua baada ya kazi, na je, ni mtu mwingine asiye yule aliyelipwa kuifanya? Mtaalamu wa kweli atayajibu bila kukasirika. Asiyeweza kulijibu la kwanza, mengine hayana haja.

Walimu wa sekondari mnaoishi katika nyumba za shule, nanyi wanafunzi mnaolala mabwenini, mnazo kuta nyingi za kufanyia uchunguzi. Masika yajayo, kabla mkuu wa shule hajaagiza rangi, darasa moja litoke nje na daftari, litazame mabati, magata na udongo uliolundikana chini ya kuta. Taarifa yao ya ukurasa mmoja yaweza kuiokolea shule fedha nyingi, na kumwokolea mwenzao mwenye pumu usiku wake.